Kikohozi kinachokuja baada ya mionzi

Wadau, kuna swali hatuliulizi vya kutosha: mgonjwa wa saratani akimaliza tiba ya mionzi ya kifua, anarudi nyumbani na nini mkononi?

Mionzi inaua saratani, lakini njiani inagusa na sehemu za mapafu zisizo na ugonjwa. Kuna wagonjwa ambao mapafu yao huvimba, mara nyingi kati ya mwezi 1 na miezi 6 baada ya tiba kwisha. Dalili ni kikohozi kikavu, pumzi kubana, wakati mwingine homa ndogo.

Sasa chukulia umetibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ukarudi kwenu Kigoma. Miezi 3 baadaye unakwenda zahanati unakohoa. Tabibu atafikiria nini kwanza? Nimonia. Au kifua kikuu. Simlaumu, ndiyo magonjwa anayokutana nayo kila siku. Unapewa antibaotiki, hazisaidii, wiki zinakatika. Kumbe uvimbe huu mara nyingi hutibiwa kwa steroidi, kama prednisoloni. Na mapafu yakishaweka makovu, makovu hayo hayatoki.

Kinachonikera ni kwamba hatari hii hukadiriwa kabla ya siku ya kwanza ya mionzi. Tiba ikipangwa kwa picha za CT, kompyuta hupiga hesabu: mapafu yatapata mionzi kiasi gani kwa wastani, na asilimia ngapi ya mapafu itapata grei 20 au zaidi (grei ndicho kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Mwaka 2010 wataalamu walijumlisha tafiti nyingi wakashauri kwamba, kwa saratani ya mapafu, asilimia hiyo isizidi 30 hadi 35, na wastani usizidi grei 20 hadi 23, ili wanaopata madhara wasizidi mgonjwa 1 kati ya 5. Umri mkubwa na tibakemia inayotolewa sambamba na mionzi huongeza hatari.

Najua mtaniambia namba hizi hazimtabiri mtu mmoja mmoja. Kweli. Mwenye namba ndogo anaweza kuugua, mwenye kubwa akapita salama. Wengine mtasema tunamtisha mgonjwa. Mimi nasema kinachotisha zaidi ni kukosa pumzi bila kujua sababu, na anayekutibu naye hajui.

Siombi mashine mpya. Naomba mistari miwili tu kwenye karatasi ya kuruhusiwa: mapafu yamepata mionzi kiasi hiki, tiba imeisha tarehe fulani, akikohoa au kukosa pumzi, mpimeni kifua kikuu na nimonia, lakini msiishie hapo, tupigieni simu. Hata tiba iliyopangwa bila CT, tarehe na sehemu iliyopigwa mionzi ni msaada tosha.

Mapafu ni ya mgonjwa. Kwa nini namba yake ibaki kwenye kompyuta ya hospitali?

Mnasemaje?