Tuwaandikie Wanaolipia Matangazo Haya: Wito kwa Majirani wa Nsambya

Majirani zangu wa kambi ya polisi na wa Kevina, wa Gogonya na wa kandokando ya barabara ya Ggaba, familia za reli, wanafunzi mliohamia juzi: nawaomba dakika chache, na si kwa ajili ya mchango wa harusi.

Data tunayonunua ina ushuru wa asilimia 12 ndani yake tangu tarehe 1 Julai 2021, mbali na VAT ya asilimia 18. Ushuru huo ulikuja kushika nafasi ya OTT, ile shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii tuliyoanza kukatwa Julai 2018. Tumeunung'unikia, tena kwa haki. Lakini ndani ya data hiyohiyo tunatozwa kitu kingine ambacho hakikupita Bungeni wala hakina risiti: matangazo yanayoibuka ghafla na kufunika skrini nzima kabla hujamaliza mstari wa pili wa habari uliyoifuata.

Mnayajua. Mgonjwa yuko kwenye foleni ya Hospitali ya Nsambya, anatafuta maelezo ya dawa aliyoandikiwa. Anafungua ukurasa, tangazo la kubeti linafunika kila kitu. Anatafuta alama ya kulifunga, anaiona, anaigusa, kumbe ni picha iliyochorwa ifanane na alama hiyo. Amesharushwa kwenye tovuti nyingine. Anarudi nyuma. Safari hii ni video, inajichezea yenyewe kwa sauti ya juu, foleni nzima inageuka kumtazama. Anaizima. Linatokea dirisha dogo: tovuti hii inaomba kukutumia arifa, unakubali au unakataa? Kwa kuchoka anakubali, na kuanzia hapo simu yake inalia usiku wa manane kumwambia kwamba imeingiwa na virusi, apakue programu fulani upesi. Kila picha, kila video, kila safari ya kwenda asikotaka imekula MB zake. Mwenye tangazo amelipia tangazo lake, msomaji amelipia data ya kulileta, na serikali imepata asilimia zake humohumo.

Mtu anayetaka kusimamisha bango barabara ya Ggaba huenda kwanza kwa mamlaka ya jiji, KCCA, akaomba kibali na kulipa ada. Na bango hilo, liwe kubwa namna gani, unalipita, nalo linabaki palepale. Halikuzibii njia mpaka ulitazame. Lakini hili la kwenye simu linaingia hadi chumbani kwa mtoto na hakuna ofisi inayouliza limetoka wapi.

Sheria nayo ina mzaha wake. Mwaka 2022 Bunge liliporekebisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, lilifanya kuwa kosa kumtumia mtu kwa kompyuta habari asizoziomba. Ukiishia hapo utashangilia. Endelea kusoma mpaka kwenye tafsiri ya maneno: habari hizo hazijumuishi mawasiliano ya kibiashara. Yaani kwa kifungu hicho jirani yangu anayenitumia ujumbe nisioutaka yuko hatarini kuliko kampuni inayonitupia matangazo asubuhi hadi jioni. Tusisubiri kifungu hicho kituokoe.

Basi tumshike nani? Wengi tunamlaani mwenye tovuti. Mimi naona tunakosea mlango.

Matangazo ya aina hii yana baba, na baba mwenyewe ameshaomba radhi. Katika miaka ya 1990 Mmarekani mmoja, Ethan Zuckerman, alikuwa mtengenezaji wa programu katika kampuni ya Tripod, iliyokuwa ikiwapa watu nafasi ya kutengeneza kurasa zao kwenye intaneti. Kampuni moja kubwa ya magari iligundua kwamba tangazo lake limetokea kwenye ukurasa wa mambo ya ngono, ikahamaki. Zuckerman akaandika programu ya kulifungulia tangazo dirisha lake lenyewe, lisije likaonekana limeshikamana na ukurasa wa aibu. Mwaka 2014 alikisimulia kisa hicho katika jarida la The Atlantic na kusema anasikitika, kwamba nia yao ilikuwa njema.

Tazameni kilichoendesha mambo pale. Hakuwa msomaji. Alikuwa mlipaji aliyeogopa jina lake kuchafuka, na malalamiko yake yakatosha kubadilisha sura ya intaneti ya dunia nzima. Hofu hiyo bado ipo. Mwenye tovuti ndogo inayoishi kwa matangazo haoni aibu, kwa sababu hatumjui wala hatujui anakaa nchi gani. Lakini chuo kinachotafuta wanafunzi Kampala kina jina la kulinda. Benki, duka la samani, kampuni ya viwanja, nazo pia. Na mara nyingi hawajui kabisa matangazo yao yanatokea wapi. Siku hizi nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada unaoendeshwa na kompyuta ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, wakati ukurasa wako ungali unafunguka. Chuo kinamlipa wakala, wakala anaingia kwenye mtandao wa mauzo, na mtandao unalisambaza tangazo kwenye tovuti ambazo mkuu wa chuo hajawahi kuzisikia. Anachoona yeye ni ripoti yenye idadi ya watu walioligusa. Haionyeshi kwamba wengi waliligusa wakijaribu kulifunga.

Sisi ndio wenye habari hiyo. Tumpelekee.

Naomba hivi. Tangazo likikufunika skrini, kabla hujalifunga kwa hasira, piga picha ya skrini. Ionekane anwani ya tovuti, lionekane jina la anayejitangaza, na tarehe iwepo. Itume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wako. Makundi tunayo, tena yamejaa salamu za asubuhi zenye maua, hayatashindwa kubeba na hizi. Kila kundi lichague mtu mmoja mwenye subira, azipange picha kwa jina la anayejitangaza, si kwa jina la tovuti. Mwezi ukiisha, kila kampuni yenye ofisi hapa nchini iandikiwe barua ya ukurasa mmoja yenye picha zake, ikieleza kwamba sisi ni wateja wake au tungependa kuwa, na kwamba hatutanunua kitu kwa mtu anayetuvamia hivi. Tuweke majina ya mitaa yetu, na tumwombe mwenyekiti wa LC1 agonge muhuri. Muhuri huo tumezoea kuutafuta kwa shughuli nyingine. Mara hii utufanyie kazi ya maana zaidi. Nakala iende Tume ya Mawasiliano, UCC, ijue kwamba jambo hili lina watu.

Barua iwe ya adabu. Baadhi ya matangazo hayo ni ya matapeli wanaotumia jina la benki ya kweli, na benki hiyo itatushukuru ikijua. Kwa hiyo tusianze kuwaanika watu mitandaoni kabla hawajapata nafasi ya kujibu. Wakikaa kimya baada ya barua ya pili, hapo sina tena ushauri wa upole.

Kuna atakayesema: barua kutoka Nsambya itamtisha nani? Novemba 2024 raia wanne wa Uganda walipeleka malalamiko dhidi ya Google katika Ofisi ya Kulinda Taarifa Binafsi, ile PDPO iliyo chini ya mamlaka ya teknolojia ya habari, NITA-U. Walisema kampuni hiyo inakusanya taarifa za Waganda bila kujisajili kama Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inavyotaka. Julai 2025 ofisi hiyo ikaamua kwamba Google imevunja sheria, ikaiagiza ijisajili ndani ya siku 30. Walikuwa wanne tu. Foleni ya chapati moja asubuhi hapa Kevina ina watu zaidi ya hao.

Sheria hiyohiyo inampa kila mmoja wetu haki ya kumwandikia anayeshika taarifa zake na kumtaka aache kuzitumia kwa kumuuzia bidhaa. Ni haki ambayo haitumiki kwa sababu haijulikani. Tovuti au programu ikikuletea tangazo la kiatu ulichokitafuta jana mahali pengine, kuna mtu amebeba taarifa zako. Kama ni kampuni ya hapa, iandikie kwanza. Isipojibu, PDPO.

Kuhusu kubeti, nitasema zaidi kidogo, maana hapa adabu ya barua haitoshi. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kubeti. Miaka 25, si 18. Mlangoni mwa duka la kubeti kuna uwezekano, hata kama mdogo, wa mtu kuuliza kitambulisho. Tangazo linaloibuka kwenye simu ya baba iliyoazimwa na mtoto wa darasa la sita kwa ajili ya kazi ya shule halimuulizi mtoto lolote. Kampuni za kubeti hazioni haya kwa picha zetu, lakini zinafanya kazi kwa leseni, na leseni hutolewa na Bodi ya Taifa ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha. Picha zao zikusanywe kando na zipelekwe kwenye bodi, tukiweka alama kwenye kila tangazo lililomfikia mtoto akiwa kwenye ukurasa wa masomo. Wazazi na walimu, hili ni lenu hasa. Na askari wa kambini mnaosoma hapa: nyinyi mnajua namna ya kuandika ushahidi ukakubalika; tusaidieni.

Wakati barua zinasubiri majibu, tusafishe simu. Tuliweza zamani. OTT ilipoanza, karibu kila mtu alijifunza kutoka kwa jirani yake kutumia VPN ili kuikwepa, mama wa sokoni akimwelekeza mwanafunzi wa chuo, na makusanyo yakaja chini sana ya yale serikali iliyoyatazamia. Facebook ilipofungwa Januari 2021 tukarudi kwenye VPN zilezile. (Nyingine za bure ndizo zinazotumwagia matangazo leo. Kama una VPN usiyoijua imetoka wapi, ifute.) Mtu aliyeweza hayo hashindwi kuingia kwenye Chrome, akagusa vidoti vitatu vya juu, akaenda kwenye mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti. Hapo utakuta sehemu ya arifa, na ndani yake orodha ya tovuti ulizoziruhusu bila kujua. Zizuie zote usizozitambua; zile kelele za virusi vya usiku zitakoma hapohapo, kwa sababu hakukuwa na virusi. Sehemu ya madirisha yanayoibuka nayo ihakikishe imefungwa. Anayetaka zaidi, Opera Mini ina kizuizi cha matangazo ndani yake, na haili data nyingi. Lakini usipakue kitu chochote ambacho tangazo lenyewe limekwambia upakue ili kuzuia matangazo.

Vijana mnaokutana ukumbi wa Sharing, na nyinyi mnaobaki uwanjani baada ya misa pale Mtakatifu Petro: kaeni na meza moja Jumapili, watu wazima walete simu zao. Dakika tano kwa kila simu zinatosha. Msiwatoze.

Neno kwa wenye tovuti, maana wapo miongoni mwetu. Sipendekezi tuzuie kila tangazo. Mwandishi wa habari anayekaa mahakamani kutwa nzima ili tujue kilichosemwa lazima alipwe, na tangazo lililokaa pembeni ya habari yake kwa utulivu ni mshahara wake. Mimi hayo siyazuii. Kipimo kipo tayari, na hakikutungwa na wanaharakati: kilitungwa na muungano wa makampuni ya matangazo na wanunuzi wao, Coalition for Better Ads. Kwenye simu wanakataa tangazo linaloibuka, video inayojichezea kwa sauti, tangazo linalokufanya usubiri sekunde zihesabiwe, na ukurasa ambao matangazo yamechukua zaidi ya asilimia 30. Google, ambayo inaishi kwa matangazo, ilianza kutumia kipimo hicho katika Chrome Februari 2018, na Julai 2019 ikakitandaza duniani kote: tovuti inayokaidi, matangazo yake yote yanaweza kuzuiwa. Bado wengi wanapenya. Wewe mwenye tovuti ya Kampala usiwe mmoja wao. Ukitii kipimo hicho, tuambie, nasi tutawaambia watu wakuache huru kwenye vizuizi vyao na wasome kwako kwanza.

Kazi ianze wiki hii. Leo jioni chukua simu ya mtu mzima zaidi nyumbani kwako, fungua mipangilio yake, funga arifa. Kisha piga picha ya tangazo la kwanza litakaloifunika na uitume kwenye kundi la mtaa ikiwa na jina la anayelilipia tangazo hilo.