Ramani ya madini iingie katika simu ya mchimbaji

Kila tukileta mambo ya intaneti katika mikutano ya sendika, wenzetu wengine wanasema: hayo ni ya watu wa biro kule Kinshasa, sisi tuko na koleo. Hatukubali. Leo karatasi za madini zinapita ku intaneti, na njia zinazopitia ndiyo inaamua nani atazisoma mwenyewe na nani atabaki kuambiwa tu.

Tueleze kwanza. Zamani, ili kompyuta ionyeshe video ama michoro inayosogea, mara nyingi kivinjari peke yake kilikuwa kinashindwa. Ilibidi ubandike juu yake programu ingine: Flash ya Adobe, Silverlight ya Microsoft, ama Java. Mafundi wanaziita plagini. Kama kompyuta yako haikuwa nayo, uliona kisanduku kitupu, basi.

Halafu simu zikaja. Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika wazi kwa nini hataki Flash ndani ya iPhone. Novemba 2011 Adobe wenyewe wakasema wanaacha kutengeneza Flash ya vivinjari vya simu. Oktoba 2014 shirika la W3C likatoa rasmi kanuni za HTML5, ambazo kwa hizo kivinjari kinaonyesha video na michoro bila kubandikwa kitu. Flash iliachwa na wenyewe tarehe 31 Desemba 2020, Silverlight ikafuata Oktoba 2021. Kwa hiyo ule ubishi kama kipya kitachukua nafasi ya cha zamani umekwisha. Kimechukua. Swali letu sisi wachimbaji ni lingine: nani amefaidika, na nani ameachwa njiani?

Faida iko, tuseme ukweli. Kwetu kompyuta ni ya wachache, lakini simu utaikuta hata pembeni ya shimo. Kanuni mpya zinaruhusu ukurasa kuuliza simu iko pahali gani, mwenyewe akikubali, na kuweka ramani ndani ya simu ili ifunguke hata mtandao ukikatika. Tufikirie maana yake. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inataka mchimbaji wa mikono awe ndani ya koperative na achimbe katika eneo lililotengwa, ile tunaita ZEA. Cadastre Minier inaonyesha mipaka ya hati za madini kwenye ramani ya intaneti. Karé moja ni karibu hekta 85. Mara ngapi mtu amepanda kilima na karatasi yenye stempeli, anasema hapa pana mwenyewe, mlipe ama mtoke? Na sisi tunabaki tunaangaliana. Siku mchimbaji atasimama kwenye shimo lake na kuona ku simu yuko katika karé gani na hati iko kwa nani, mtu yule atalazimika kuongea lugha ingine.

Hapa Kamango jambo hili si dogo. Kwenda kuuliza biro ya Beni ama Butembo maana yake ni kupita barabara ya Mbau–Kamango. Familia zetu zinajua ile barabara imekula watu. Hata kituo cha MONUSCO pale Semuliki kilishambuliwa Desemba 2017, askari wa Tanzania wakauawa. Habari ambayo inaweza kuja ku simu, haifai baba ama mama wa watoto aifuate kwa kuhatarisha roho yake.

Lakini kipya hakijileti chenyewe. Adobe walitangaza Julai 2017 kwamba Flash itakwisha. Walitoa zaidi ya miaka mitatu ya kujitayarisha. Pamoja na hayo, Januari 2021 ofisi ya kodi ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa bado na fomu za Flash, ikabidi itoe kivinjari chake maalum, tena cha kompyuta za Windows tu. Kama nchi yenye uwezo ule ilichelewa, biro zetu je? Upande mwingine, mwishoni mwa 2020 maktaba ya Internet Archive ilianza kuokoa michezo na filamu za Flash kwa programu inayoitwa Ruffle, na leo zinafunguka ndani ya vivinjari vipya. Maana yake vya zamani vinaweza kuokolewa, kama kuna mtu anataka.

Tena kurasa mpya nyingi ni nzito. Zinakula mega kama mchwa ndani ya mbao, na simu ya bei ndogo inakwama. Tukitoka katika kisanduku kitupu cha Flash na kuingia katika ukurasa usiomaliza kufunguka, tumepata nini?

Ndiyo maana tunadai mambo matatu. Kwanza, ukurasa wowote wa serikali unaogusa madini ufunguke ku simu ya kawaida, uwe mwepesi, na uwe kwa Kifaransa na Kiswahili. Pili, kabla ya kufunga mfumo wa zamani, kila hati iliyo ndani itolewe nakala, juu mchimbaji asipoteze haki kwa sababu programu imekufa. Tatu, ramani ichapishwe na kubandikwa kwenye biro za SAEMAPE na za sheferi, kwa ajili ya mama mwenye simu ya vitufe na mzee asiye na simu.

Na sisi wenyewe tufanye sehemu yetu. Kila koperative ichague kijana mmoja, wa kiume ama wa kike, anayejua kusoma ramani, na koperative imlipie mega. Awaonyeshe wengine, asijifanye mwenye ufunguo mpya. Koperative ambayo bado haijamchagua, imchague kabla ya mkutano unaokuja.