Wazee wa Yezreeli na Bodi ya Mji Wetu



Habari ya Nabothi tunaisikia mara kwa mara, na karibu kila inaposomwa fikira zetu huenda kwa Ahabu aliyetamani, au kwa Yezebeli aliyepanga. Juma hili twaomba mwitazame kwa jicho la karani wa ofisi ya ardhi. Katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mfalme anataka shamba lililopakana na jumba lake. Anaeleza sababu, na anataja hata matumizi mapya: palipo na mizabibu apande mboga. Anaahidi na fidia, shamba jingine lililo bora au fedha. Hadi hapo yeye ni mwombaji kama waombaji wengine, na Nabothi anayo haki ya kumkatalia. Uovu unaivishwa pale jambo linapopelekwa mjini. Barua zinaandikwa, zinatiwa mhuri wa mfalme, zinawafikia wazee na wakuu wa Yezreeli, nao hawaulizi swali hata moja. Wanaitisha mkutano, wanamketisha Nabothi mbele ya watu, mashahidi wawili wanasema walilofundishwa kusema, na shamba linabaki halina mwenyewe. Utaratibu ulifuatwa wote.

Eliya alitumwa kwa Ahabu. Wazee wa mji hawatajwi tena. Sisi leo twawataja, kwa kuwa tunaamini kwamba ardhi ya miji midogo ya nchi yetu ya Kenya hupotea zaidi mikononi mwa watu wa namna yao: watu wapole, wazoefu wa vikao, wanaopokea karatasi iliyokwisha kuamuliwa kwingine na kuipitisha.

Waumini wengi wametuuliza ni nani hasa mwenye kauli juu ya viwanja vya mji huu. Jibu ni refu kidogo, na urefu huo ni sehemu ya ugonjwa. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inaipa bodi ya manispaa, yenye wajumbe 9, kazi ya kudhibiti matumizi ya ardhi, ugawaji wa viwanja na upangaji wa kanda za makazi, biashara na viwanda, lakini kwa kadiri tu serikali ya kaunti itakavyoikabidhi kazi hiyo. Kibali chenyewe, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996, hutolewa na waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Kwa hiyo mwananchi akienda kwa bodi huambiwa kwamba jambo hilo ni la kaunti. Akienda makao makuu ya kaunti, nauli juu yake, huambiwa faili liko kwa bodi na maoni yao yanasubiriwa. Mwombaji mwenye wakili na mchora ramani wake hapati taabu hiyo. Yeye anajua faili liko meza gani.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni kimya.

Sheria hiyo ya mwaka 2019 inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, atahesabiwa kuwa amepewa kibali. Tunajua kipengele hicho kilitoka wapi, na hatumlaumu aliyekitunga. Wapo watu waliotaka kujenga nyumba ya vyumba vitatu, faili lao likalala mwaka mzima chini ya kiwiko cha ofisa aliyengoja kitu kidogo. Sheria ilikusudia kumwokoa mtu huyo. Ila mlango uliofunguliwa ili mnyonge apite, mwenye nguvu naye amepita. Ofisa anayetaka kumpendelea mtu hana haja tena ya kutia sahihi wala ya kuacha alama ya kidole. Ananyamaza siku 60, bodi nayo inakosa kukutana kwa sababu ya bajeti, kisha siku moja tinga linaingia kiwanjani, na ukiuliza nani aliyeruhusu, kila mtu ana mikono safi kama Pilato.

Kimya cha pili ni cha jirani, nacho hutengenezwa. Sheria inamtaka mwombaji autangazie umma na kuwaalika watu walete pingamizi. Sasa nendeni mkatazame tangazo lililobandikwa kwenye lango la mabati la kiwanja kile kinachopakana na shule yetu ya msingi. Ni karatasi moja, kwa Kiingereza cha mawakili, na mvua imekwisha kuilowesha. Inasema kwamba kiwanja hicho, ambacho kwenye mpango wa mji ni cha makazi, kinaombewa kiwe kituo cha kuuza mafuta, na kwamba mwenye pingamizi alilete kwa maandishi katika siku 14. Tangazo kama hilo huchapishwa pia gazetini, katika kurasa za nyuma, kati ya minada na hati zilizopotea. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mama anayeuza mboga mkabala na lango hilo, na ambaye wanawe wawili wanasoma ng'ambo ya ukuta, hawezi kupinga jambo ambalo limeelezwa kwa lugha asiyoisoma. Kisha kumbukumbu za kikao zitaandika kwamba hakuna aliyepinga. Zitakuwa zimesema kweli, na zitakuwa zimedanganya.

Hata akipinga na kushindwa, njia ya rufaa imewekwa, nayo ni nzuri kwenye karatasi: mtu yeyote aliyeguswa na uamuzi anaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya uhusiano wa mipango katika siku 14, na kutoka hapo kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku hizo 14 zinahesabiwa tangu siku ya uamuzi. Jirani ataujuaje uamuzi usiobandikwa mahali popote?

Tunasikia wanaosema kwamba padre amekuwa adui wa maendeleo. Ndugu zetu, hatupingi vituo vya mafuta. Pikipiki zinazotuleta Misani hazinyweshwi maji ya kisima. Tunachouliza ni kwa nini kituo hicho kiwe mita chache kutoka madarasani, wakati mpango wa mji una kanda ya biashara kando ya barabara kuu yenye viwanja vitupu hadi leo. Swali hilo lina jibu, huenda hata jibu zuri. Basi na litolewe mbele ya watu.

Na tusiambiwe kwamba haya ni mambo ya karatasi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi jijini Nairobi, gesi ililipuka katikati ya makazi ya watu. Watu walikufa usingizini na barabarani, na mamia wakajeruhiwa. Baadaye mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli ilieleza kwamba mwaka 2023 ilikuwa imeyakataa maombi ya ujenzi wa kituo cha gesi mahali hapo mara tatu. Mamlaka ya mazingira, kwa upande wake, ilikuwa imetoa leseni, na maofisa wake wakasimamishwa kazi. Ofisi moja ilisema hapana, nyingine ikasema ndiyo, na wapangaji waliolala ng'ambo ya ukuta hawakuulizwa na yeyote. Tukitoka kwenye mazishi ya namna hiyo, hapana haja ya kueleza kwa nini mpango wa mji hutenga makazi na hatari.

Wala si gesi na mafuta tu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, ikiwemo ya shule na ya makaburi, ilivyogawiwa watu binafsi kwa hati zenye mihuri, na waliogawa walikuwa maofisa waliokabidhiwa kuilinda. Miaka 11 baadaye, Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walikuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Walipoandamana wakapigwa vitoa machozi. Watoto hao walifanya kazi ambayo vikao vya watu wazima vilikuwa vimeikimbia.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo baadhi yenu mmelinong'ona. Ni kweli, mwombaji wa kiwanja hiki ni mfadhili wa parokia. Viti mnavyokalia ukumbini alichangia yeye katika harambee, nasi tulimshukuru mbele ya altare na tunamshukuru tena. Lakini viti ni viti. Harambee haikuwa mnada wa midomo yetu, na kama yupo aliyedhani hivyo, aje ofisini aeleze risiti ilisemaje. Tunaongeza kwamba sheria hii inalihusu Kanisa pia. Siku parokia itakapotaka kujenga maduka kwenye ukingo wa kiwanja chake, na lipo pendekezo hilo mezani mwa Baraza la Walei, itabandika tangazo kwa Kiswahili, itangoja, na itajibu maswali ya majirani Waislamu na Wasabato sawa na ya Wakatoliki. Padre asipewe kibali kwa sababu ya kanzu yake.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa mazingira, alifundisha kwamba miradi ipimwe kwa uwazi, bila shinikizo la fedha wala la siasa, na kwamba wakazi wa mahali penyewe wana nafasi ya pekee katika mjadala, kwa kuwa wao ndio watakaoishi na matokeo. Biblia nayo ina kikao kingine cha ardhi, mbali na kile cha Yezreeli. Katika sura ya 4 ya Kitabu cha Ruthu, Boazi anataka kulikomboa shamba la Elimeleki. Haendi nyumbani kwa mtu usiku. Anaketi langoni pa mji, mahali kila mmoja anapopita, anawaita wazee 10, anamwita ndugu mwenye haki ya kwanza, na kumwuliza mbele ya wote kama atalikomboa au la. Ndugu yule anajibu kwa kinywa chake mwenyewe, anavua kiatu kuwa ushahidi, na watu waliosimama pale ndio mashahidi. Wazee 10 wa Bethlehemu na wajumbe 9 wa bodi yetu, hesabu inakaribiana. Lango ndilo tunalolikosa.

Basi tunaitaka bodi ya mji huu ifanye mambo ambayo hayahitaji bajeti. Kila ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi lisomwe kwa sauti katika kikao cha wazi, siku ya soko, kwa Kiswahili. Maoni ambayo bodi inayapeleka kaunti yawe na sababu na majina ya waliokubali na waliokataa, yabandikwe mlangoni pa ofisi yake siku hiyo hiyo. Siku 60 zisiishe hata mara moja bila jibu la maandishi. Jibu likiwa hapana, liwe hapana. Mjumbe asiyeweza kutaja hadharani jinsi alivyopiga kura, amwachie kiti mwingine. Tumeyaandika haya katika barua kwa mwenyekiti wa bodi, kwa unyenyekevu unaostahili, na nakala tumeipeleka kwa mwakilishi wadi na kwa waziri wa kaunti.

Kuhusu kiwanja cha jirani na shule, zimebaki siku 6. Pingamizi si lazima liandikwe na wakili. Latosha liwe na jina lako, mahali unapoishi, namba ya kiwanja iliyo kwenye tangazo, na sababu yako. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wana namba hiyo. Katekista atakuwa ofisini Jumatatu na Jumanne jioni kuwaandikia wasioweza kuandika, awe Mkristo au asiwe, na Jumatano saa tatu asubuhi wazee watatu wa parokia watazipeleka barua zote kwa mkono. Kila barua iwe na nakala, na msiondoke pale kaunta kabla nakala haijagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.