Mwalimu bila vocha!

Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya Korona. Wenye nchi wakatuambia watoto wasome kwa redio na televisheni. Televisheni ya nani? Wakati huo Kigoma haikuwamo hata kwenye gridi ya taifa. Bangwe, taa ya nyumba ilikuwa ziwani inavulia dagaa!

Madarasa mengi yakafunguliwa Juni 29. Miezi mitatu na ushei! Mvulana akishaonja pesa ya mwaloni, redio haimrudishi. Anayemrudisha ni mwalimu anayemjua kwa jina, anayempigia mama yake simu: "Mbona mwanao simsikii?"

Vijana, tuulizane. Vocha ya simu hiyo anunue nani? Mwalimu yule yule wa mshahara wa kuungaunga? Waheshimiwa, fungu la vocha za walimu liko wapi kwenye bajeti yenu?