TUSIANDIKE KWA KANGOMBA



Ndugu wanafunzi wenzangu, napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, nalo ni sentensi tunazoandika shuleni. Nawakusudia hasa ninyi mlio darasa la sita na la saba, na wale wa kidato cha kwanza na cha pili, maana hapo ndipo insha na barua zinapoanza kuwa ndefu na makosa yanapoanza kuota mizizi. Maoni yangu ni haya: sentensi uliyoiandika mara moja ukaiacha haijakwisha. Usipoirudia, ukaisoma kama mtu mgeni na kuitengeneza, unamdhulumu anayeisoma, na wakati mwingine unamdhulumu hata yule unayemwandikia.

Ushahidi ninao, na aliyekosa ni mimi mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili, bibi mmoja jirani yetu aliniita nimwandikie barua ya kwenda kwenye chama cha msingi kuhusu malipo ya korosho zake. Nilikaa barazani kwake nikaandika haraka haraka kwa mwandiko mzuri, na sentensi kubwa ilikuwa hii: "Bibi na mdogo wake walipeleka korosho ghalani siku za nyuma na mpaka sasa pesa yake haijaingia kwa namna moja au nyingine." Nikajiona nimeandika! Siku chache baadaye bibi akaja nyumbani kwetu na barua mkononi, akaniuliza kwa upole: "Mjukuu wangu, wamenijibu kwamba mdogo wangu alishalipwa. Kwani wewe uliandika nini?"

Waliomjibu hawakukosea. "Pesa yake" ni ya nani, ya bibi au ya mdogo wake? "Siku za nyuma" ni lini? Korosho kiasi gani? Na hayo maneno "kwa namna moja au nyingine" yalikuwa na kazi gani pale? Jioni ile tuliiandika upya, yeye akisema kwa kinywa chake na mimi nikiandika: "Tarehe 14 Novemba nilipeleka ghalani magunia 2 ya korosho, kilo 160. Mdogo wangu alipeleka zake siku hiyohiyo. Yeye amelipwa. Mimi sijalipwa." Hesabuni wenyewe, ukihesabu kila tarakimu kuwa neno, barua zote mbili zina maneno 21. Ya kwanza ilimpotezea bibi safari nzima, ya pili ilieleweka siku ileile ilipofika.

Hapa Masasi na Newala hakuna asiyejua kangomba. Mnunuzi anakuja na bakuli lake au kopo, anapima korosho bila mizani, na mkulima anabaki hajui ametoa kilo ngapi. Ndiyo maana biashara hiyo imepigwa marufuku. Na ndiyo maana tangu msimu wa 2007/2008, mkoa wetu wa Mtwara ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani, mzigo hupimwa kisha huandikwa: mwenye mali ni nani, uzito kiasi gani, daraja gani, tarehe gani. Sasa mwanafunzi anapoandika "watu wengi", "kiasi fulani", "hivi karibuni" au "mambo mbalimbali", huyo naye anapima kwa bakuli. Msomaji hajui amepewa nini.

La kushangaza ni kwamba sisi watoto wa madrasa tumefundishwa usahihi kuliko mtu yeyote. Ukiteleza irabu moja mbele ya ustadhi anakurudisha mwanzo wa aya, wala hakuna anayelalamika. Inasimuliwa kwamba Abu al-Aswad ad-Du'ali, aliyeishi Basra katika karne ya 1 Hijria, alimsikia mtu akiisoma aya ya 3 ya Surat Tawba na kukosea irabu moja tu. Maana sahihi ni kuwa Allah na Mtume Wake wamejitenga na washirikina. Kwa kosa la yule msomaji ikawa kama kwamba Allah amejitenga na washirikina na pia na Mtume Wake, Allah atuepushe. Ndipo Abu al-Aswad akaishika kazi ya kuweka nukta za wino wa rangi nyingine ili irabu zionekane.

Katika Kiswahili pia herufi moja inaweza kutuangusha. Wengi wetu huku tuliokulia katika Kimakonde na Kiyao tunachanganya l na r. Ukiandika "Wazee wameshapata mahari" badala ya "mahali", umeshafungisha ndoa ambayo haipo! Lakini mwanafunzi yuleyule anayerudia ukurasa wa Qur'an mara kumi kabla ya kwenda kwa ustadhi, insha yake anaiandika mara moja, anafunga daftari na kukimbilia mpira. Je, huo usahihi tunauacha mlangoni pamoja na viatu?

Basi tufanyeje? Kwanza, iache insha ipoe kidogo, kisha isome kwa sauti. Pale unapokosa pumzi, sentensi ni ndefu mno. Weka nukta, anza nyingine. Pili, kila sentensi iulize maswali: nani, nini, lini, wapi, kiasi gani? Ikishindwa kujibu lile linalohitajika, itengeneze. Tatu, yaangalie maneno kama "yake", "wake", "huyo" na "ambaye", uone yanamrudia nani. Ukiandika "Nilimwona mtoto wa mwalimu ambaye anaumwa", mgonjwa ni mtoto au mwalimu? Andika "Nilimwona mtoto wa mwalimu. Mtoto huyo anaumwa." Nne, jihadhari na vitenzi vyenye njia mbili. "Nimemwandikia babu barua": umeipeleka kwa babu, au umeandika kwa niaba yake? Mwisho, yafute maneno ya kujazia kama "katika suala zima la". Badala ya "katika suala zima la maji tuna changamoto", sema "Jana tulikaa kisimani saa 3 tukapata ndoo 1." Mkaguzi wa mbali ambaye hajawahi kufika uwandani kwetu ataielewa shida yetu.

Najua wapo watakaosema, "Mwalimu anataka insha ndefu, nikikata maneno nitapungukiwa." Ndugu yangu, mahali pa maneno matupu weka habari: tarehe, idadi, jina la kijiji, kilichotokea. Insha itakuwa ndefu na bado itakuwa na uzito. Wengine watasema muda hautoshi katika mtihani. Tenga dakika 10 za mwisho, usiandike kitu kipya, rudia ulichoandika. Aliyezoea kurudia nyumbani hatashindwa chumba cha mtihani.

Wala tusidhani kazi hii ni ya watoto. Marehemu Rais Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, kabla ya kuwa kiongozi mkubwa alikuwa mhariri. Mwaka 1966 alishika uhariri wa magazeti ya Uhuru na The Nationalist, na mwaka 1972 akawa Daily News. Na mhariri kazi yake ni nini kama si kukata neno lisilo na kazi na kuuliza nani, wapi, lini?

Walimu wetu nao nawaomba jambo moja, kwa heshima. Msitupe alama kwa insha ya kwanza. Tuwekeeni mstari chini ya sentensi zenye utata, mturudishie daftari tuandike tena, kisha ndiyo mtoe alama. Insha 1 iliyoandikwa mara 2 inafundisha kuliko insha 2 zilizoandikwa mara moja moja.

Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an ni ya 282 ya Surat al-Baqara, nayo inazungumzia kuandikiana deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake, na mwandishi awe mwadilifu. Tuzingatie hilo. Katika vijiji vyetu, mzee asiyejua kuandika humwita mtoto aliyesoma, akamwambia yaliyo moyoni mwake na haki yake. Mtoto huyo ni wewe. Kalamu uliyoshika siku hiyo ni amana, na bibi hatakuwa na namna ya kujua kama umeandika alichosema mpaka jibu litakaporudi. Mimi lilinirudia. Wewe soma tena kabla hujaifunga bahasha.