Kakao ya Beni ipate cheti, lakini mkimbizi asinyang'anywe shamba

Kakao ya Beni ikifika kwenye bandari za Ulaya itaulizwa ilitoka shamba gani. Ndivyo inavyotaka sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2023 juu ya bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu. Kila mzigo wa kakao, kahawa au mbao uonyeshe kwa vipimo vya GPS mahali ulipovunwa, na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini sheria haijafutwa. Kwa Beni na Butembo kuna swali ambalo Brussels na Kinshasa hawajalijibu kwa sauti: nani ataandikwa kuwa mwenye shamba, ikiwa mwenyewe yuko kambini?

Swali hilo si la makaratasi tu. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewafukuza watu upande wa Mbau, Eringeti, Mangina, Watalinga na bonde la Mutwanga. Waliokimbilia Oicha, Beni mjini na Butembo waliacha miti ya kakao imesimama, na kakao haimsubiri mwenyewe: ikiiva, kuna atakayeivuna. Mara nyingi huuzwa ingali mbichi, kabla ya kuchachushwa na kukaushwa, na mnunuzi haulizi jina. Mwenye shamba akijaribu kurudi kuvuna, anahatarisha maisha. Akibaki kambini, mavuno ya miaka yake yote yanamlisha mtu mwingine.

Sasa fikiria mtu mwenye simu ya GPS anapita kuandikisha mashamba. Akimwandika yule anayemkuta shambani, mvunaji wa leo anageuka mwenye shamba wa kesho, tena kwa karatasi inayotambuliwa hadi Ulaya. Mfumo uliotungwa ili kulinda msitu utakuwa umehalalisha wizi.

Mpaka nao ni tatizo la pili. Kakao nyingi hutoka kwa magendo kuelekea Uganda, kupitia njia za msituni upande wa Nobili na Bundibugyo, au kandokando ya Kasindi. Ikishavuka, inachanganywa na ya huko na kusafirishwa kama kakao ya Uganda. Kahawa ya Beni na Lubero ilipita njia hiyo hiyo kabla yake. Congo inapoteza ushuru, mkulima anapoteza bei, na anayetafuta asili ya mzigo hawezi tena kuijua.

Dhahabu imekwisha kutufundisha somo hili. Machi 2007 Umoja wa Mataifa uliweka kwenye orodha ya vikwazo kampuni mbili za Kampala, Machanga na Uganda Commercial Impex, pamoja na Butembo Airlines, kwa sababu ya biashara iliyohusishwa na makundi yenye silaha. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Amri hiyo ilipoondolewa Machi 2011, wachimbaji wadogo walikuwa wamekaa nusu mwaka bila kazi, na magendo hayakuwa yamekwisha. Desemba 2010, mjini Lusaka, marais wa nchi za Maziwa Makuu walikubaliana juu ya cheti kimoja cha kanda kwa dhahabu, koltani, kasiterite na wolframi, chini ya CIRGL. Wazo lilikuwa zuri: mzigo usiokuwa na cheti usipokelewe katika nchi yoyote mwanachama. Lakini dhahabu ya mikono inaendelea kuvuka mfukoni, kwa sababu upande mmoja ukikagua na mwingine ukipokea bila kuuliza, cheti hakimzuii mtu yeyote.

Wapo wanaosema Congo na Uganda haziwezi kushirikiana kwa jambo kama hili. Historia ya karibu inawakanusha. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wahudumu wa pande zote mbili walipima wasafiri mpakani na kupeana habari za wagonjwa. Juni 2019 ugonjwa ulipoingia Kasese na familia iliyotoka Congo, Uganda iliuzima haraka. Tangu Novemba 2021 FARDC na UPDF wanafanya operesheni Shujaa pamoja. Mwaka 2022 Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Majeshi yanayoweza kugawana ramani za vita yana serikali zinazoweza kugawana orodha ya magari ya kakao.

Wafanyabiashara nao wana hoja yao, na ni ya kweli. Anayetaka kupita njia halali hukutana na duane (DGDA), OCC, ONAPAC na huduma nyingine, kila moja na karatasi yake na ada yake, kabla hata ya kuhesabu barieri za barabarani. Karatasi moja zaidi, wanasema, itawasukuma watu msituni. Jibu lake ni kupunguza gharama ya njia halali, kwa dirisha moja la malipo na ada zilizobandikwa ukutani ambapo kila mtu anazisoma. Kuacha kukagua kabisa kutamnufaisha tu yule anayenunua kakao ya wizi.

Mambo matatu yanaweza kuanza bila kusubiri mkutano mwingine mkubwa. La kwanza, uandikishaji wa mashamba uanzie kambini na kwa familia zilizopokea wakimbizi. Ushahidi wa majirani wa shamba, shefu wa kijiji na koperativi utoshe, kwa maana aliyekimbia usiku hakubeba hati, na wengi hawajawahi kuwa nayo. La pili, shamba ambalo mwenyewe amekimbia liandikwe hivyo waziwazi, na asiandikishwe mwingine kabla mashahidi hao hawajasikilizwa. La tatu, duane ya Kasindi na wenzao wa Mpondwe walinganishe kila wiki hesabu za kakao iliyotoka na iliyoingia. Uganda ikipokea magunia ambayo Congo haikuyaona yakitoka, lazima mtu aulizwe.

Umoja wa Ulaya, unaodai vipimo, ugharimie pia kazi ya kuvipata kwa haki. Viongozi wa mkoa, ambao tangu Goma kuanguka Januari 2025 wanafanyia kazi Beni, wako karibu na kambi hizi kuliko wakati wowote. Hawana kisingizio cha umbali.

Familia zilizokimbia zisingoje kuitwa. Andikeni sasa, kwenye daftari lolote, jina la kijiji, mipaka ya shamba, mwaka mliopanda na majirani wanne waliopakana nanyi, kisha mpeni nakala mwenyekiti wa koperativi au kamati ya kambi. Siku mtu wa GPS atakapofika, daftari hilo liwe limemtangulia.