Kuchagua Mshale wa Kuwindia



Katika majimbo mengi ya Marekani msimu wa kuwinda kwa upinde hufunguliwa majani yanapoanza kupukutika, na baadhi ya vijana wetu, wakialikwa na wenzao wa kazini, wameanza kuingia msituni kumtafuta kulungu. Wametuuliza wanunue mishale gani. Swali ni jema, kwani wengi humaliza fedha zote kwenye upinde, kisha wakachukua mshale wowote uliopo dukani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawafanyi hivyo: wana mishale ya mti mtupu kwa ndege, na ya chuma iliyopakwa sumu kwa wanyama wakubwa.

Risasi huvunja na kutikisa mwili, mshale hukata. Mnyama hufa kwa kutokwa na damu. Chembe kikipasua mapafu yote mawili, huanguka upesi. Kikikwama begani, hukimbia na jeraha lake, pengine akateseka siku kadhaa.

Hapo ndipo fiqhi inapokutana na ufundi. Katika hadithi ya Adiy bin Hatim, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alitofautisha windo lililotobolewa kwa ncha na lililogongwa kwa ubavu wa silaha. La kwanza huliwa. La pili ni sawa na mnyama aliyekufa kwa kipigo, aliyeharamishwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 3. Kwa hiyo vile vichwa butu vya mpira viuzwavyo kwa kuwindia sungura havitufai. Sungura aliyeuawa kwa kishindo hicho haingii chunguni, hata kama bismillahi ilisomwa wakati wa kuuachia mshale, ila akiwahiwa yu hai akachinjwa. Akina mama mnaoletewa windo jikoni, ulizeni limekufaje.

Sasa wano, yaani uti wa mshale usiotiwa chembe. Ugwe unapoachiwa, wano hupindika kidogo kabla ya kunyooka. Likiwa laini mno au gumu mno kwa upinde wako, mshale huruka ukiyumba, na mshale uyumbao haupenyi vizuri. Viwanda hupima ugumu kwa kulilaza wano juu ya vigingi viwili vilivyoachana inchi 28 na kuning'iniza uzito wa gramu 880 hivi katikati. Likibonyea nusu inchi huandikwa 500. Basi wano la 340 ni gumu kuliko la 500, jambo linalowachanganya wanunuzi wengi. Tena wano likiwa refu, au likitiwa chembe kizito, hupindika zaidi. Jedwali la mtengenezaji litakuongoza, mradi ujue nguvu ya upinde wako kwa ratili na urefu wa mvuto wako.

Uzito hupimwa kwa greni. Greni 7,000 ni ratili moja. Kwa kawaida mshale hautakiwi kupungua greni 5 kwa kila ratili ya nguvu ya upinde, kwani ulio mwepesi zaidi huutikisa upinde kana kwamba umefyatuliwa mtupu. Lakini hicho ni kiwango cha kuulinda upinde. Vijana hupenda kasi (magari yao tunayaona), ila sisi, kwa upinde wa ratili 50, tungechukua mshale wa greni 400 na kuuacha ule wa 250. Huenda polepole zaidi, lakini hubaki na msukumo unapokutana na mfupa.

Mshale wa mti usitumiwe kwenye upinde wa kisasa wenye magurudumu; waweza kupasuka mkononi. Wa kaboni nao upindwe taratibu na kusikilizwa kabla ya kila pigo: ukilia, una ufa, utupwe.

Chembe tunachokipendelea ni chenye makali yasiyokunjuka, hasa kwa mwenye upinde wa nguvu ndogo, kwa sababu vile vinavyofunguka vinapogonga hutumia sehemu ya nguvu kujifungua. Kifanyie mazoezi, kisha kabla ya kwenda msituni kinoe upya au ubadilishe makali. Angalieni pia sheria ya jimbo lenu, kwani majimbo kadhaa huweka upana wa chini wa chembe.

Jamaa zetu walioko Uingereza wasijisumbue kununua: huko sheria ya mwaka 1981 imekataza kumwinda mnyama wa porini kwa upinde, na mishale ni ya kulengea shabaha tu.